Mbuzi wa Mgeni wa Ghorofani

Nilimsikia kabla ya kumwona: mlio wa mbuzi ukipanda ngazi zetu, na kwato zikiteleza juu ya vigae. Nilipofungua mlango nikamkuta mpangaji wetu wa ghorofani, mhandisi wa Kichina wa mtambo wa umeme wa jua nje ya mji wetu wa Nizwa, Omani, kashika kamba. Nyuma yake mama yake, aliyekuja kumtembelea, alikuwa akimsukuma mbuzi taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto kwenda chuoni. Walitoka sokoni. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi Kubwa.

"Mbuzi wa mama," mhandisi akamwambia baba kwa Kiarabu chake cha kazini. "Naomba akae uani kwenu."

"Ahlan wa sahlan," baba akajibu, mkono kifuani. Mgeni kaleta mbuzi karibu na Idi. Angeuliza nini zaidi?

Bibi yangu ndiye aliyeona. Kila alasiri alikaa uani na yule mama, huyu na Kiswahili chake cha Unguja, yule na Kichina chake, na hawakuwahi kukosa la kuzungumza.

"Shoga, utamchuna ngozi," Bibi alimtania, akimtazama anavyomchana mbuzi kwa kitana chake mwenyewe. Kisha akamgeukia baba. "Mwanangu, huyu hakumnunua kumla."

"Kwani Unguja, mama, hatukuwa tukiwapapasa kabla ya kuwachinja?"

Wajomba zangu, waliokuja kututembelea, wakaangua kicheko. Kicheko hicho sijakisamehe hadi leo.

Siku ya Idi mhandisi alimpeleka mama yake mlimani kupunga upepo. Mbuzi akachinjwa, nyama ikapakwa viungo, ikafukiwa kwenye tanuri la ardhini pamoja na shuwa, nyama ya Idi ya mtaa mzima, iive usiku kucha. Waliporudi kesho yake, baba aliwaita chakulani. Wanaume waliketi barazani, sisi wanawake mkekani, na mlango baina yetu ulikuwa wazi. Yule mama alipitia uani kwanza. Aliingia na fungu la majani mabichi ya mbuzi wake mkononi, akasimama mbele ya sinia.

Mwanawe aliyaona yale majani, akaiona nyama, akaelewa. Baba alikuwa tayari kamchambulia mnofu wa bega kwa mkono wake.

"Kula, mwanangu. Wewe si mgeni tena."

Mhandisi akamtazama mama yake. Akamtazama baba. Akala.

"Tamu," akasema.

Yule mama hakulia. Aliyaweka majani kando ya sinia, akaunganisha viganja, midomo ikicheza bila sauti. Bibi akarudisha tonge lake.

Siku mbili baadaye mhandisi alinieleza ngazini. Alikuwa kalelewa kwa mafundisho mawili. Ya baba yake, ya Konfyusio, yalisema wema huanzia kwa mzazi, ukamfikia mwenyeji, jirani, hata mtu baki, na adabu ndiyo njia yake. Ya mama yake, ya Budha, yalisema huruma haina wa kwanza wala wa mwisho. Kila chenye pumzi kimo ndani yake. Alikuwa ameona haya kutuambia, siku za Idi, kwamba mbuzi yule amenunuliwa ili aishi.

"Ningekataa, ningemwaibisha baba yako mbele ya watu."

"Na mama yako je?"

"Mama atanisamehe. Ndivyo mafundisho yake yalivyo."

Tangu hapo nimesoma kurasa nzuri mno juu ya wema na juu ya huruma, nikazifunga nikiwa na uchungu uleule. Tunamwogopa anayeweza kuaibika. Anayejua kuhurumia, tunamtwisha mzigo.

Baba hakuomba radhi. "Ningejuaje?" husema, naye aliambiwa. Kisha huwasimulia wageni kisa hicho, nao hucheka.

Yule mama aliondoka mapema kuliko ilivyopangwa. Bibi alipanda ngazi kwa miguu yake mibovu, akamshika mkono pale kizingitini.

"Tusamehe, shoga."

Yule mama akainama mpaka paji la uso likagusa mkono wa Bibi. Dereva alikuwa akingoja chini. Mwanawe akaja mbio kuupokea mkoba. Yule mama akauvuta kwake, akamwambia neno moja fupi la kwao. Mwana akabaki ndani, mikono mitupu. Mama akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.