Zebaki na Mikono ya Mama Yako

Mwanangu Zainabu, nakumbuka siku moja ambayo sijawahi kukusimulia, kwa kuwa ndani yake mkosaji ni mimi. Mimi na mama yako Somoe, mdogo wangu wa tumbo moja, tulikuwa wasaidizi wa daktari wa meno hapa Mtwara. Kazi yetu ilikuwa kuandaa dawa ya kuziba meno. Tulichanganya zebaki na unga wa madini, tukaifunga kwenye kitambaa na kuikamua kwa vidole vitupu, huku tukipiga soga. Glavu tulisema zinatuchelewesha. Usicheke, maana nawe nakujua.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo mama yako akaanza kutetemeka mikono. Akawa anasahau, anakasirika kwa jambo dogo, yeye aliyekuwa mpole kuliko sisi wote. Siku hiyo akaangusha trei mbele ya mgonjwa. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwambia watu wakisikia, "Acha uvivu, Somoe! Mbona mimi nakamua zebaki hiyo hiyo na sina kitu?" Akalia. Akarudi nyumbani Ufukoni peke yake, kwa miguu.

Jioni nikamsimulia bibi yako nikidhani atacheka. Alikuwa anabangua korosho, hata hakunitazama. "Hebu kaa tubangue," akasema. Alijua siwezi. Tangu utoto, mafuta ya maganda yakinigusa kidogo tu nachubuka hadi viwikoni, na mama yako ndiye aliyekuwa akibangua fungu lake na langu, asipate hata lengelenge moja.

"Somoe alikuita mvivu lini?" bibi yako akauliza.

Nikaelewa, mwanangu. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Kesho yake nikampeleka mama yako hospitali, mkojo wetu sote wawili ukapelekwa Dar kupimwa. Majibu yaliporudi, mama yako alikuwa na zebaki nyingi mno. Mimi nilikuwa nayo pia, ila kidogo. Daktari wa hospitali akatueleza kwamba miili haifanani: yupo anayezaliwa na mwili unaoitoa zebaki upesi, na yupo ambaye mwili wake unaing'ang'ania, na hali hiyo huweza kurithiwa. Kazini mama yako akahamishiwa mapokezi. Kutetemeka kulipungua, hakukuisha. Ndiyo maana chai yake namimina mimi, nusu kikombe, na wewe ukadhani namnyima.

Sasa Jumatatu unapanda basi kwenda kuchenjua dhahabu, na huko zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu kwenye beseni kisha huchomwa motoni. Naogopa, nakwambia wazi. Una macho ya mama yako na kicheko chake. Sijui kama na mwili wake umeuchukua. Pimwa mkojo kabla hujaanza, na upimwe tena na tena. Omba kazi ya mbali na beseni na moshi. Vaa glavu hata wakikucheka. Mkono ukitetemeka, usijilinganishe na mwenzako aliye mzima. Sema siku hiyo hiyo, uondoke. Na ukiwa wewe ndiye mzima, usijidai kama mimi. Anayeanza kuugua anawaonya nyote, basi mshike mkono umpeleke akatibiwe.

Nenda, mwanangu, radhi zetu unazo. Mungu akulinde, akurudishe Ufukoni salama, na siku hiyo chai umimine wewe, vikombe vijae hadi ukingoni, mama yako akitazama mikono yako ilivyotulia.