Sakitu Kwenye Rejeta

Siku bosi wangu aliposhuka garini na ski moja begani, nilidhani amenunua ubao wa kuchezea baharini. Mimi ni dereva wa nyumba yake kule Al Wukair, nje ya Doha, na nimeshapakia na kupakua kila aina ya kitu: mahema, mbuzi, vizimba vya ndege wake wa kuwindia. Hiki sikukijua. Kilikuwa kipana, cheusi, kimejikunja mbele kama ncha ya kiatu cha harusi. Ndani ya gari mlikuwa na kitu kingine kigeni zaidi, mkanda wa mpira wenye meno marefu, kama ule wa buldoza lakini laini ukiubonyeza.

"Hii ni miguu ya theluji," akaniambia kwa Kiarabu, na Kiarabu changu kilitosha kumwelewa. "Ile pikipiki yangu ya jangwani tunaing'oa magurudumu. Mbele ski, nyuma mkanda."

Kila majira ya baridi huenda kwenye milima ya Georgia kuendesha mashine kama hizo, za kukodi. Mwaka uliopita ile ya kukodi ilimzimikia huko juu, akateremka kwa miguu mpaka akawa hajui kama vidole vyake bado vipo. Ndiyo maana sasa alitaka yake mwenyewe, iliyotengenezwa mbele ya macho yake. Akasema tutaijaribu kwanza hapa hapa. "Ikiwaka kwenye baridi, inapanda ndege, na wewe unakuja nayo uitunze. Isipowaka, inabaki, na wewe unabaki."

Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyejali. Halafu nikaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Nimezaliwa Makete, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mwezi wa Juni unaamka unakuta majani yamevaa sakitu, ule ukungu ulioganda, mweupe, unaolia chini ya kiatu. Mama alikuwa akiuchukia kwa sababu uliunguza viazi. Mimi nilikuwa naulamba. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, nikakaa Mbeya, nikakaa Tunduma, nikavuka hadi Lubumbashi, baadaye Muscat, kisha hapa. Kila mahali nilikaa mpaka nikaanza kusikia kwamba mbele yake kuna pengine. Lakini theluji yenyewe, ile inayoanguka, sijawahi kuishika. Nina zaidi ya miaka arobaini na bado huwa najiuliza kama inafanana na sakitu, kama na yenyewe inalia ukiikanyaga.

Fundi tuliyempata alikuwa Mkenya wa Nakuru, mwenye gereji ndogo kule kwenye eneo la viwanda. Ndiye aliyekuwa akiitunza ile pikipiki tangu ilipokuwa ikikimbizwa kwenye mchanga. Alikuja Ijumaa mchana, akaizunguka ski mara mbili, akacheka.

"Buda, sasa hii ni pikipiki ama ni trekta?"

"Ni ya theluji."

"Theluji ya wapi, na hili jasho?" Akajifuta shingo. "Mimi tangu nifike Doha kazi yangu ni moja, kutoa joto kwa injini. Leo naambiwa nilirudishe!"

Tukaanza. Tulifuata picha za kitabu kilichokuja na vifaa, na bosi alikaa nasi kwa muda akituonyesha video kwenye simu. Tulitoa oili nzito ya jangwani tukaweka nyepesi, kwa kuwa nzito kwenye baridi hugeuka kama asali. Maji ya rejeta zake mbili tuliyamwaga tukatia dawa ya kijani isiyoganda. Tulifunga mishikio inayopashwa moto kwa umeme, na fundi akaishika ikiwa imewashwa, jua likiwa limetupiga migongoni, akapiga kelele, "Wee! Hii ni ya kuchoma mahindi!" Kulikuwa pia na kitambaa cha kufunika mbele ya rejeta ili upepo wa baridi usiipige moja kwa moja. Hicho nilikielewa mara moja. Malori ya mbao na viazi yaliyokuwa yakitoka kwetu alfajiri yalifungwa kipande cha boksi mahali hapo hapo.

Nilikwenda jikoni kuleta chai. Niliporudi, mipira ya kupitishia maji ya rejeta ilikuwa imeshafungwa na fundi anajifuta mikono.

Ikabaki kazi ya kutafuta baridi. Doha baridi iko ndani ya majengo, na nyingi ni ya kukufanya uvae sweta tu, haigandishi. Nilifikiria sana, mpaka nikakumbuka kuku. Nina rafiki yangu Mzanzibari anayetunza ghala la vyakula vya kugandisha kule Al Wakrah; miaka yote kazi yake ni kuvaa koti zito na kuhesabu maboksi ya kuku na samaki wakati nje watu wanayeyuka. Nikampigia.

"Unataka kulaza pikipiki na kuku wangu?" akauliza.

"Kama kuna chumba kitupu."

"Yakhe, wewe umepigwa na jua."

Chumba kitupu kilikuwepo, ila hakikuwa chake kutoa. Kwa bahati, mwenye ghala na bosi wangu wanaalikana chakula, na simu moja ilitosha. Sharti likawa kwamba injini isiwashwe ndani hata kidogo, moshi na chakula havikai pamoja. Italala humo, asubuhi itasukumwa nje kwenye kivuli cha jukwaa la kupakulia, ndipo iwashwe ikiwa bado imeganda.

Asubuhi tulifika wote, bosi akiwa na kahawa yake mkononi. Mzanzibari akatugawia makoti. Fundi alipovaa la kwake likamfika magotini.

"Kuku wenyewe hawajakuona umependeza hivi," Mzanzibari akamwambia, akafungua mlango mzito.

Tuliisukuma ikiteleza juu ya ski yake na vigurudumu vya kubebea mizigo. Ilipotokeza kwenye hewa ya nje, ile hewa nzito ya Al Wakrah yenye chumvi, jambo likatokea ambalo sikulitegemea. Chuma kilianza kuwa cheupe. Kwanza injini, kisha rejeta zote mbili, kisha uma wa mbele unaoshika ski, weupe ukaota taratibu kama manyoya ya kifaranga. Nikainama. Nikapitisha kidole, nikalamba.

"Huyu naye!" fundi akasema. "Buda, hiyo si aiskrimu."

"Ni sakitu," nikasema.

"Ni nini?"

Nikaikwaruza kwa ukucha. Nilikuwa nasikiliza kama nayo inalia.

Bosi akabonyeza swichi. Injini ikakohoa, ikakataa. Akabonyeza tena, ikakohoa, ikashika, ikaanza kunguruma chini chini. Mzanzibari akapiga makofi. Fundi akanyoosha mikono juu na lile koti lake, akacheza kidogo. Mimi nilikuwa nimeshafika Georgia kwa mawazo, nimeshachagua viatu.

Lakini macho yangu yalibaki kwenye ule weupe, maana sikujua nitauona tena lini. Nikaona unavyoondoka. Mara tu injini iliposhika, rejeta nazo zilianza kulia matone, pamoja na injini, karibu kwa mpigo mmoja.

"Bosi," nikauliza, "kwa nini weupe wa rejeta unayeyuka mapema hivi? Moto si uko kwenye injini?"

Niliuliza kwa kutaka kujua tu. Bosi akaweka kahawa chini, akashika mpira wa juu, akashika wa chini. Akazima.

"Themostati iko wapi?" akamuuliza fundi. "Ile iliyokuja na vifaa, imefungwa katikati ya mipira."

Fundi akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Nimeitoa."

"Umeitoa?"

"Si inazuia maji, bosi. Nairobi, Kampala, hapa, kila gari ikiingia gereji hiyo kitu ndiyo ya kwanza kutoka. Ukiiacha, unachemsha."

Na ni kweli. Hata kwetu Makete, kwenye baridi yote ile, mafundi walizitoa na kuzitupa kwenye kopo la misumari, kisha madereva wakahangaika na maboksi. Nilikuwa sijawahi kuunganisha mambo hayo mawili mpaka pale. Kidude kile huyashikilia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kikiwa hakipo, baridi yote ya rejeta inaingia ndani ya injini tangu mwanzo na haitoki. Mlimani, bosi akatueleza, ndivyo mashine inavyokwenda kidogo na kukufia mbali na watu.

Akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Khalas, basi. Nitakodi kama zamani." Akachukua kahawa yake.

Nilijua akishaingia garini neno limekwisha.

"Bosi," nikasema, "imewaka. Ulisema ikiwaka kwenye baridi. Iache ilale tena leo, kidude kikiwa mahali pake. Rejeta ikibaki nyeupe, umeona mwenyewe. Isipobaki, mimi ndiye nitakayekusindikiza uwanja wa ndege na kurudi na gari."

"Na hicho kidude kipo?"

Fundi alikuwa ameshaingiza mkono kwenye boksi lake la spana. Hakuwa amekitupa. Akakifuta kwenye koti la watu. "Mimi situpi kitu kipya, bosi," akasema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Kikafungwa pale pale, kivulini, na pikipiki ikarudi ndani.

Asubuhi ya pili hakuna aliyefanya mzaha, hata Mzanzibari. Tuliisukuma nje, weupe ukaota kama jana yake. Injini ikakohoa, ikashika. Tukachuchumaa wote wanne mbele yake kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Pembeni mwa injini tone la kwanza likashuka, la pili, kisha chuma kikawa cheusi na chenye maji. Rejeta zilikaa nyeupe. Zilikaa, zilikaa. Ndipo bosi akashika mpira wa juu, akatabasamu, akanivuta mkono nishike na mimi. Joto lilikuja ghafla chini ya kiganja, kama mtu aliyefungua mlango, na weupe ukaanza kuporomoka kutoka kona ya juu ya rejeta.

"Pasipoti yako ina nafasi?" akaniuliza.

Fundi akanipiga begani. "Buda, uniletee hiyo theluji kwa chupa ya chai."

"Akirudi umuulize kama inaliwa," Mzanzibari akamwambia fundi, "maana huyu atailamba tu."

Kabla hatujaondoka niliomba boksi moja tupu la kuku. Nikalikata kwa kisu cha ghala, nikalipima mbele ya rejeta, upana wake hasa. Bosi akasema kitambaa cha kufunika tunacho, cha kiwandani, cha nini tena boksi. Nikamwambia ni la akiba. Nililiweka ndani ya begi langu, chini kabisa, chini ya soksi.