Kwaya Iliyojikuna Pamoja Nami

Aibu hii huisimulia mwenyewe kabla mume wangu hajaniwahi, maana yeye huongeza chumvi na kucheka mpaka hasikiki.

Miaka ile uhuru ungali mchanga, nilikuwa kiongozi wa kwaya yetu ya Woodley, yule anayeanzisha wimbo na wengine wakamfuata kwa sauti na kwa kila anachofanya kwa mwili, na siku hiyo tulikuwa katika kanisa la Waithaka kushindania ngao ambayo hatukuwa tumewahi hata kuigusa, nami nimeamka koo linaniuma. Nikakimbilia zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutafuta sindano (enzi hizo ukipewa tembe peke yake ulijiona hujatibiwa), na Sista Mumbua akaniuliza, "Mama, kuna dawa inakukataa?"

"Hakuna," nikasema, ingawa penisilini ilishawahi kunitoa vipele, lakini vipele ni nini mbele ya ngao?

Akanidunga hiyohiyo penisilini, akaniambia nikae benchini aniangalie kidogo. Alipogeuka tu, nikachomoka.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili shingo ikaanza kuniwasha, nikajikuna kwa adabu, na kwaya nzima nyuma yangu ikajikuna shingo. Nikajikuna mbavu, wakajikuna mbavu, soprano na besi kwa mpigo mmoja, na watu wakashangilia wakidhani ni mtindo mpya. Midomo ikavimba, kisha nikavuta pumzi na haikuja, na hapo niliogopa kweli, nikajishika koo (wakajishika koo), nikaanguka (wengine walishaanza kulala chini).

Sista Mumbua ndiye aliyejua huo si mtindo. Alikuta benchi tupu, akavuka barabara na sindano mkononi, akanidunga adrenalini pajani, gauni limepandishwa mbele ya wachungaji wote.

"Si nilikwambia ukae? Sasa lala hapo, usiinuke mpaka niseme."

Pumzi ikarudi. Nililia kwa furaha, na midomo yangu mikubwa hivyo.

Na ngao tukaichukua, majaji wakisifu jinsi kwaya ilivyocheza kwa pamoja. Wanakwaya waliniletea kule zahanati, nikaipakata jioni nzima nikiangaliwa na Sista. Tangu hapo, kabla daktari hajaniuliza jina, namwambia penisilini inanikataa, na nikidungwa chochote hukaa benchini mpaka mfagiaji aniombe niinue miguu.