Kengele ya Zuberi

Sina sababu ya kukudanganya. Ukitaka kucheka, cheka ukishamaliza kusoma.

Mimi ni fundi redio hapa Lushoto, na nimo kwenye kundi la mtandaoni la wapenda saketi. Mtu anatuma picha ya bodi iliyomshinda, wenzake wanamsaidia. Masika haya akaingia mmoja, Zuberi wa Mtae. Alikuwa anatengeneza kengele: unatandaza waya mwembamba mlimani juu ya nyumba, ardhi ikisogea waya unakatika, kengele inalia.

"Mama yangu analala chini ya huo mlima," aliandika. "Nikikata waya, hailii. Nisaidieni."

Bodi kwenye picha aliyotuma imejaa matope! Wenzangu wakaanza utani, eti akaioshe kwanza. Nilikasirika, maana hata mimi nina mama. Nikaikuza ile picha mpaka nikaona kosa: transista kaifunga kinyume. Nikamwambia aigeuze.

Akajibu, "Imekubali. Fundi, mama atasikia?"

"Atasikia hata awe kiziwi," nikamwambia.

Mvua ikapiga wiki nzima. Kila nikimpigia, hapatikani. Roho haikutulia, nikapanda gari la Mtae. Nikaelekezwa kwa mama yake, amehifadhiwa kwa jirani.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Zuberi."

"Marahaba, mwanangu. Zuberi yupi?" Macho yakamjaa machozi. "Wangu alifukiwa na udongo masika ya mwaka jana, kule shambani ng'ambo ya bonde, akijaribu waya wake. Mpaka leo hatujampata."

Nilikaa pale pale chini kwenye tope.

Akanisimulia kwamba juzi mchana, akimenya viazi, alisikia kengele inalia kule shambani, chini ya udongo. Moyo ukamwambia ni mwanawe anamwita. Akatupa kisu, akatoka mbio kumfuata. Nyuma yake mlima ukashuka, ukaifunika nyumba yote.

Nikatoa simu, nikamsomea jumbe zote. Lile swali la mwisho akaniomba nilirudie. Nikalirudia. Tulilia wote wawili, sioni aibu kusema.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Nikaandika, nikatuma. Mpaka leo ujumbe ule una tiki moja tu, na kila mvua ikianza nautazama.

Basi nakuomba. Mtu akiuliza kundini na jibu unalo, mjibu, na matope yake usiyacheke. Unajuaje anauliza akiwa wapi?