Siku Shule Ilipojaa

Mvua ya kwanza kijijini kwetu ilinuka bati. Ilipiga paa la shule lililookwa na jua tangu mwezi wa tano, ikasomba vumbi, maua makavu ya mikorosho na mavi ya popo, ikateremka kwenye mfereji wa bati hadi ndani ya tangi la saruji lililosimama ubavuni mwa darasa. Maji ya siku mbili tatu za mwanzo yalikuwa na rangi ya chai na ladha ya kutu. Mama zetu waliyachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, wakayanywa wakicheka. Nimekunywa maji ya Lindi, ya Tanga, ya Morogoro, na ya miji mingine ambayo sikukaa hata mwezi, lakini bati moto likinyeshewa popote pale, mate hunijaa kinywani.

Asiyeijua nchi yetu atashangaa. Uwanda wa Makonde ni mchanga juu ya mchanga. Mvua inanyesha, inazama, basi. Mto haupo, na kisima ukichimba utachoka wewe kabla ya kuyaona maji. Enzi zile za Waingereza, wanawake wa kijiji chetu, kilicho mwendo wa asubuhi moja kutoka Chilangala, waliamka jogoo wa kwanza wakashuka genge, ule ukingo mkali wa uwanda, hadi chemchemi iliyokuwa bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, wakifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Maji ya kunawa uso yalioshewa miguu, kisha yakamwagwa kwenye shina la mpapai. Mtoto aliyemwaga maji alichapwa kuliko mtoto aliyeiba.

Shule tuliipata hivi. Serikali ya Wenyeji, ile iliyokuwa na baraza lake Newala na kupokea kodi za baba zetu, ilisema wenye kijiji wajenge kuta, yenyewe italeta mabati, saruji ya tangi, mbao nyeusi mbili na mwalimu. Kuta zikajengwa kwa miti na udongo. Mwalimu akaja, Mwalimu Hilari, Mmakua wa upande wa Masasi, mrefu, mwenye baiskeli isiyo na breki. Ikaundwa kamati ya shule ya wazee watatu, mwenyekiti wake Mzee Chitanda. Mzee huyu hakujua kusoma, ila ndiye aliyefunga ufunguo wa bomba la tangi kwenye kamba shingoni mwake. Kamati ikaweka sheria moja tu, na sidhani kama Newala waliwahi kuisikia: mtoto akihudhuria, mama yake anateka debe moja jioni. Mwalimu alimchora kila mtoto mstari wa chaki mgongoni mwa mkono saa ya kutoka. Tulirudi nyumbani tumeinua mikono hiyo kama tumeungua, jasho lisije likaufuta, na jioni tulikwenda na mama zetu bombani. Mzee Chitanda aliukagua mstari akikunja uso kama anasoma barua.

Hivyo ndivyo mimi, Somoe, binti wa nyumba isiyokuwa na msomi hata mmoja, nilivyopelekwa kusoma. Mama hakunificha. "Nenda ukalete debe," alisema, na mimi nikaenda, nikaleta debe, na katikati ya debe nikajifunza herufi. Na ndiyo maana pale kijijini neno lenyewe liligeuka. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga kizingiti cha darasa, alikwenda shule kila jioni na ndoo yake. "Shule imejaa" maana yake tangi limejaa. "Shule imekauka" maana yake kesho ni gengeni. Darasa lenyewe tuliliita kwa Mwalimu.

Ubaya ulikuwa huu: tangi likishuka, na watoto walipungua. Mwezi wa nne hatukuwa na pa kukaa. Mwezi wa tisa, mama hana debe la kumwekea mtoto shuleni, anamchukua binti yake wakashuke wote bondeni, na wavulana wanakwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Nina hakika kule Newala walikuwepo watu waliokodolea macho rejesta yetu wakajiuliza ni ugonjwa gani unaorudi kila kiangazi. Mwalimu Hilari aliujua ugonjwa. Alitwambia mwaka ule, mimi nikiwa namaliza darasa la pili, kwamba mkaguzi atakuja kuhesabu vichwa. Akikuta watoto thelathini na watano, darasa la tatu litafunguliwa. Asipowakuta, mwisho wetu ni la pili. Mwenye kutaka zaidi aende shule ya misheni, mwendo wa kulala njiani. Kwa mvulana lilikuwa jambo la kufikiriwa. Kwa binti, baba yangu alishasema, "Huko hapana," na akaendelea kumenya muhogo.

Nami nilikuwa nalitaka lile darasa la tatu, sababu kwenye ukuta wa Mwalimu kulikuwa na ramani aliyoikunja nusu, na nusu ya chini alisema ni ya darasa la tatu. Nilitaka kujua chini kuna nini.

Barua ya mkaguzi ilifika siku ya Jumatatu kwa mkono wa tarishi, Mwalimu akiwa Newala kwenye mkutano wa walimu. Mzee Chitanda akaniita, kwa kuwa nilisifika kwa kusoma bila kufuatisha kidole. Nikasimama mbele ya kamati, nikawasalimu shikamooni, wakaitikia marahaba, nikasoma. Ilikuwa fupi. Mkaguzi atafika Alhamisi. Shule ijae.

"Rudia hapo mwisho," akasema Mzee Chitanda.

"Shule ijae."

Wazee wakatazamana. Nje, tangi lilikuwa tupu kiasi kwamba ukiligonga linaitika.

"Sasa hawa nao," akasema mzee wa pili, "wameleta saruji yao miaka mitatu iliyopita, leo wanataka kuona kama inavuja?"

"Mali yao," akasema Mzee Chitanda. "Mtu akikuazima sufuria si anakuja kuchungulia ndani? Tukimwonyesha tangi tupu mwezi wa tisa atasema hatujui kutunza. Atang'oa na bati." Akanigeukia. "Ewe Somoe, haikusema kingine?"

Haikusema kingine. Mimi niliyesoma nilielewa vilevile walivyoelewa wao; hata vile vichwa alivyotutajia Mwalimu havikunijia akilini. Shule ilikuwa tangi. Tangu nizaliwe nilikuwa sijasikia shule nyingine ikijaa.

Alhamisi ile kijiji kizima kilishuka genge. Wanaume hawakuwahi kubeba maji kwetu, ila Mzee Chitanda alitoa amri kila mwenye miguu ashuke, na yeye mwenyewe akabaki juu amevaa kanzu kumpokea mgeni. Wavulana wa darasa letu walipewa madebe. Wasichana tuliwapokea kwa vigelegele. "Jamani, harusi lini?" aliwauliza mmoja wetu. "Nani kakutolea mahari, Salumu?" Salumu alikuwa kaka yangu, na alikuwa amejitwika debe kwa ukaidi bila kata, likimkata utosini. "Cheka tu," akanijibu, "wewe ndiye utakayenioshea kichwa." Tulitaraji kurudi kabla ya jua kupanda. Hatukufikiria kwamba chemchemi inatoa kiasi kilekile wakija watu ishirini au wakija mia. Maji yalichujuka mchangani, unayakinga kwa kifuu, unangoja, unakinga tena. Foleni ikapinda hadi kwenye matete.

Niliyokuja kuambiwa baadaye na Mwalimu Hilari mwenyewe ni haya. Alirudi asubuhi ile ndani ya gari la mkaguzi, mtu wa Lindi mwenye kaptula ya kaki na soksi ndefu, na njia nzima alimsifia wanafunzi wake. Wakashuka. Darasani hapakuwa na mtu ila kuku aliyetaga juu ya dawati. Mzee Chitanda akatoka mbele na kanzu yake nyeupe, akampa mgeni mkono. "Karibu bwana," akasema. "Shule haijajaa bado, ila usiwe na shaka, wako njiani wanapanda nayo." Mkaguzi akamtazama Mwalimu. Mwalimu alisema alitamani ardhi ya Makonde, inayomeza kila kitu, immeze na yeye. Kisha wa kwanza wakatokea ukingoni mwa genge, wanawake na watoto mstari mmoja, wakaja mpaka tangini wakamimina, na wavulana wakasimama pembeni wakiona haya. Mzee akaeleza yote, ufunguo, chaki, debe, na barua iliyosema shule ijae. Mkaguzi aliketi juu ya tofali. Hakucheka. Aliangalia maji yanavyomiminwa, halafu akauliza, "Mwalimu, rejesta hufungwa lini?"

"Baada ya kengele, bwana."

"Mimi sijasikia kengele."

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotoka kwenye yale mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea, yaliyokuwa yamekufa. Mwalimu akakipiga kama mtu anayeua nyoka.

Mimi nilikuwa bado chini. Mtungi wangu nilikuwa nimeujaza, mama ametangulia, lakini nilibaki nyuma kutafuta yale maji yanatokea wapi hasa. Nilifukua mchanga kwenye mwamba, nikaweka sikio. Ndivyo nilivyo hata leo. Nikiwa katikati ya kupanda ndipo nikasikia reli. Kengele ilikuwa ya asubuhi tu, na sasa jua lilikuwa utosini. Nikasimama. Shule ijae. Nikaliona neno lile upya, kwa mwandiko wa mkaguzi, na nikajua ni shule ipi. Nikahesabu waliobaki nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Genge lile na mtungi kichwani huwezi kulikimbilia. Nilijaribu hatua kumi, nikateleza, nikakaa. Reli ikalia tena. Basi niliushusha mtungi, nikatazama huku na huku kama mwizi, nikaumwaga. Maji yalizama mchangani kabla sijamaliza kuinamisha. Nikaubeba ubavuni ukiwa mwepesi kama kibuyu, nikapanda kwa mikono na miguu.

Mwalimu alikuwa ameita majina yote kwa mwendo wa kobe. Wapo thelathini na wanne. Aliposikia kimya kwenye jina langu alisema wino umekauka, akatikisa kalamu, akaitazama, akaomba kalamu ya mkaguzi, akaitazama na hiyo. Watoto walikuwa wamekaa na nguo zilizolowa. Jina langu likaitwa mara ya tatu nikiwa bado uwanjani, na niliitika huko huko, "Nipo!" kwa sauti ya mtu anayezama. Mkaguzi aligeuka, akanitazama kutoka magoti hadi nywele, akaandika.

Mama alikuwa tangini pamoja na wenzake, ananingoja nimimine. Aliuchukua mtungi, akashtuka ulivyo mwepesi, akachungulia ndani.

"Maji yako wapi?"

"Nimeyamwaga, mama. Niwahi shule."

Alitazama tangi. Alitazama mlango wa darasa. "Shule ipi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole. Hakunichapa. Sijui kama ni kwa sababu ya mgeni.

Darasa la tatu lilifunguliwa mwezi wa kwanza, na ramani ikakunjuliwa. La nne nililianza pia, lakini sikulimaliza. Hakuna aliyenifukuza. Shangazi yangu alipita akielekea Mikindani, nikamfuata kuona nusu ya chini ya ramani ilivyo kwa macho, na tangu hapo nimepika kwenye mashamba ya mkonge, nimeuza maandazi stesheni, nimehama kila nilipojua njia zote za mtaa. Kwa hiyo mtoto wa thelathini na tano ndiye aliyelitoroka darasa. Mwalimu Hilari alipokutana nami miaka mingi baadaye, mvi tupu, hakunilaumu. Alisema tu, "Uliitika, Somoe. Wengine walimalizia."

Mwaka juzi nilirudi. Shule ni ya matofali, ina mabawa mawili, na kibao chenye jina refu barabarani. Kamati ina wanawake, mmoja wao mjukuu wa Mzee Chitanda, na hakuna anayevaa ufunguo shingoni. Matokeo ya mtihani yamebandikwa mlangoni, kila mzazi ajionee, na nilisimama nikayasoma yote, majina ya mabinti yakiwa mengi kuliko tuliokuwepo sisi sote siku ile. Mwalimu mkuu alinilalamikia uchache wa walimu, na madarasa mengine yanayofundishwa kwa zamu. Bomba la maji linapita kando ya uwanja. Tangi letu la saruji lina ufa tangu juu hadi chini, ndani yake mpapai umeota.

Nikiwa njiani kuondoka nilipishana na mama mmoja kijana aliyebeba ndoo tupu na mtoto mgongoni, mwingine mwenye sare akimfuata. Nikamuuliza habari za huko atokako.

"Hamna kitu, bibi," akasema. "Leo shule imekauka."

Akapita. Nikageuka nikitaka kumwita nimuulize ni ipi.