Mkoba wa Ramani wa Babu

Baba mdogo anasema aliusafisha. Neno hilo likinijia hadi leo huwa nauma meno.

Babu alikuwa amefariki, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye digrii nyumbani, niliambiwa niandike historia yake na niisome siku ya mazishi. Maisha yake yote babu alisema alikuwa askari katika vita vikuu vya pili, akimbebea ofisa mmoja ramani, na kwamba walipoagana ofisa alimwachia mkoba wake. Baba mdogo hakuamini. Alitaka niandike "mkulima wa miwa", basi.

Mkoba ulikuwa wa ngozi nene, wenye dirisha la plastiki iliyogeuka manjano na vifuko vya penseli vilivyoshonwa mbele. Ndani ya kifuniko mlikuwa na mshale mdogo, alama ya jeshi la Mwingereza, na mwaka ulioanza na 194. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefifia. Tatu au nane? Ikiwa tatu, ulitengenezwa vita vikiendelea. Ikiwa nane, vita vilikuwa vimekwisha, na babu alitudanganya. Niliumulika kwa simu mpaka macho yakauma. Nilikuwa nikiona tatu, kisha najiuliza kama ninaiona kwa sababu ninaitaka. Nikaamua kungoja jua la asubuhi.

Kwetu fimbo, kofia na kiti cha mzee huwekwa kando ya jeneza, na ni aibu vikiwa vichakavu. Asubuhi hiyo baba mdogo akawahi kuupeleka mkoba kwa fundi viatu mjini Malava. Ulirudi unang'aa kwa kiwi ya viatu, na ndani ya kifuniko pamebandikwa ngozi mpya.

"Baba mdogo, alama iko wapi?"

"Gani? Ule uchafu? Fundi amekwangua yote."

"Ule ndio ulikuwa ushahidi!"

"Wa nini, msomi? Mzee alipikianga wazungu chai. Kwani chuo kilikufundisha kulilia begi?"

Shangazi zangu wakacheka, matanga yakiendelea.

Niliibandua ile ngozi kwa kisu cha jikoni. Chini yake hapakuwa na tatu wala nane, ila gundi na mikwaruzo.

Siku ya mazishi nilisoma: "Alikuwa askari." Baba mdogo akakohoa kwa nguvu. Nikairudia sentensi kwa sauti zaidi, nikimkazia macho. Sikujua kama ni kweli. Sijui mpaka sasa, na kwa hilo sijamsamehe.