Siku Nilipozima Lori Juu ya Reli

Nacheka sasa, lakini kwa miezi mitatu mizima sikukatiza soko la Rumonge, kwetu Burundi, mchana, nilikuwa nazunguka kwa nyuma, upande wa ziwani, nimeshusha kofia kama mwizi wa kuku, kwa sababu kila niliyekutana naye alikuwa ameshaniona kwenye simu yake. Video yenyewe ni fupi, haifiki hata dakika moja, na haina mwanzo. Mwanzo ninao mimi, na ndio unaonitetea kidogo, kwa hiyo naomba msinikatize.

Lori ni la mama mkwe. (Mama yake Salome, mke wangu.) Huyu mama alivuka kutoka Fizi, upande wa Kongo, akiwa na mabeseni mawili na watoto wanne, akaanza kuuza mawese kwa kikombe pale Rumonge, kikombe kikawa bidoni, bidoni ikawa pipa, mpaka akanunua Fuso kuukuu ambalo mimi nimeliendesha miaka minne. Sasa akatokea mpwa wake, Deo, mwenye leseni mpya na maneno matamu, na ukoo ukaanza kunong'ona kwamba lori la familia likae mikononi mwa damu, si kwa mkwe. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Safari ya Tanzania nitaenda naye mimi mwenyewe, nione." Kwa hiyo mjue, ile haikuwa safari, ulikuwa mtihani, na nikianguka funguo zinakwenda kwa Deo na mimi narudi bandarini kubeba magunia.

Halafu kuna jambo jingine. Kwa watu wa mama mkwe, mwanamume na mama wa mke wake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakitaka kuongea wanapitisha maneno kwa mtu wa tatu. Nyumbani mtu wa tatu ni Salome. Ndani ya lori tulikuwa wawili tu! Mama akapata njia: aliweka gunia la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, katikati yetu kama ukuta, na kila alichotaka kuniambia alikiambia lori. "We gari," anasema, macho dirishani, "ambia mutu wako apunguze, iko anakimbia sana." Na mimi namjibu kupitia hapo hapo, "Gari, mwambie Mama nimesikia." Tulikwenda hivyo mpaka Nyanza-Lac, tukapita Kabonga, tukavuka mpaka, tukahamia mkono wa kushoto kama wanavyoendesha wenzetu wa kule, na nilikuwa sijakosea hata kidogo. Naona hata lori lilianza kuyafurahia mazungumzo.

Kosa moja tu nilikuwa nimelificha. Demarere, kile kifaa cha kuwashia injini, ilikuwa imenifia Muhuta wiki iliyotangulia, na nilijiambia nitaitengeneza tukirudi. Sikutaka Mama ajue. Kila tuliposimama nilitafuta mteremko, na wakati wa kuondoka naliachia lori lishuke lenyewe, linanguruma, mambo safi. Kanuni ilikuwa moja: usizime lori mahali tambarare. Hata mbuzi angeishika.

Siku ya pili, asubuhi, tumeshaipita Kigoma, tuko ndani ndani vijijini, barabara ya vumbi na majani pande zote, nikahisi magurudumu ya mbele yanaruka juu ya kitu, tuk, tuk, nikajua ni dodani, yale matuta ya kupunguza mwendo. (Mtanisamehe. Kwetu hakuna treni. Mimi treni nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu, na reli za kwenye televisheni hazikuota majani.) Mbele yangu, upande wa pili wa hiyo dodani, amesimama mzee mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, anapunga kibendera chekundu na kupiga kelele.

Sasa mtu wa kwetu akiona mtu amesimama barabarani anapunga kitu, anafikiri nini? Bariyeri! Sisi tumekulia kwenye bariyeri, kamba imevutwa barabarani, polisi anakuja kukukagua, na shoferi mwenye adabu anasogea mpaka dirisha lake lilingane na mkubwa ili mkubwa asichoke kutembea, halafu anazima gari na kutoa karatasi kabla hajaulizwa. Asiyezima gari anaonekana ana kiburi. Na mimi nilikuwa na mama mkwe pembeni, nilitaka aone anayemwendeshea lori ni mtu wa namna gani. Nikasogea taratibu, kichwa cha lori kikavuka, mzigo ukabaki juu ya hiyo dodani yangu, nikazima.

"Amahoro, shefu," nikamwambia yule mzee, nikamnyoshea karatasi zote.

Akazipiga zikatawanyika. "Nyuma!" anapiga kelele. "Nyuma, nimesema! Nyuma!"

Basi hilo swali nalijua, ndilo la kwanza kwenye bariyeri zetu, nyuma umebeba nini. "Nyuma iko mawese, shefu," nikajibu kwa heshima zote. "Mapipa ishirini na mbili. Mawese ya Rumonge, muzuri kabisa."

"Treni, baba! Treni! Umesimama juu ya reli!"

Ndipo nikasikia honi. Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Mama, bila kugeuza shingo, akauliza, "We gari, mbona hauwake?" Lori likajibu tena, tik. Yule mzee hakungoja, alishika kibendera chake akakimbia kandokando ya reli kwenda kuipungia treni, na mimi nikaruka chini, nikazunguka mpaka mlango wa Mama.

Mama mkwe ni mtu mwenye mwili, na magoti yake ni mabovu, kushuka kwenye lori anakanyaga kigoda, na kigoda kilikuwa nyuma chini ya turubai. "Mama, shuka!" nikasema. Nilikuwa na miaka sita ndani ya ukoo ule na lilikuwa neno langu la kwanza kumwambia moja kwa moja.

"Usinigusa!" akapiga kelele, ameshikilia kiti. "Mukwe hagusi mama mukwe! Niache nikufe na heshima yangu!"

"Mama, treni haijui ukwe!"

Honi ikalia tena, karibu zaidi. Nikampa mgongo, nikainama, nikamwambia panda, sikutazami, nimefunga macho. Halafu kitu kikaniangukia kichwani, kitenge chake cha maua, amenifunika ili nisimwone (hata saa ile!), na baada ya kitenge akaja yeye mwenyewe. Mungu wangu. Nikaanza kukimbia, sioni mbele, nasikia tu watu wanapiga kelele kwa mbali, nikadhani ni wanakijiji wanatuita tuwafuate. Nikawafuata. Kumbe ni abiria madirishani. Nilikuwa nakimbia katikati ya reli, naielekea treni, na Mama mgongoni ananipiga kichwa kwa kiganja, "Si huko! Mupumbavu we, iko treni huko! Kushoto! Kushoto!" Yule mzee wa kibendera ndiye aliyenidaka shati akanivuta, tukaanguka wote watatu ndani ya shamba la mihogo.

Treni ikatupita breki zikilia. Shukrani kwa kile kibendera ilikuwa imeshapungua mwendo sana, ikaligonga lori kwenye makalio, kama mtu anayesukuma mlango kwa kiwiko, lori likageuka nusu, likakaa mtaroni. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Lakini mapipa yalidondoka kumi na moja, yakapasuka, mawese mekundu yakatiririka juu ya reli na kuingia chini ya treni, na nilipoinua kichwa nikaona madirisha yote yana watu na watu wote wana simu, na mimi kitenge bado ninacho kichwani.

Ningeshukuru kama yangeishia hapo. Dereva wa treni akataka kuondoka, magurudumu yakazunguka palepale. Akajaribu tena, yakateleza tena. Akashuka, akagusa reli kwa kidole, akanusa, akatutazama. "Nani mwenye mawese?" Nikanyosha mkono kama mwanafunzi. Basi treni nzima ikashuka, wanaume wanaleta mchanga kwa makofia na makoti wanamwaga juu ya reli, wanawake wanachota mafuta yaliyosalia kwenye vipande vya mapipa, mpaka saa tisa alasiri, na mimi kila ninayepishana naye ananiuliza kama mama amekaa vizuri mgongoni.

Mama alikaa kando ya njia na kuamrisha watu asiowajua. "Mwaga muchanga hapa! We mama, hayo ya juu iko safi, chota, usiyaache!" Na mmoja alipocheka akamgeukia. "Unacheka? Uliona wapi mafuta ingine inasimamisha treni? Hii ni ya Rumonge!" Mimi hakunitazama hata mara moja.

Treni ilipokwisha kuondoka, wanakijiji walilitoa lori mtaroni, wakalisukuma likawaka, tukarudi. Gunia la ndagala lilikuwa limepasuka, hapakuwa tena na ukuta kati yetu, na Mama hakusema neno, si kwangu, si kwa gari. Sikuwa nikimfikiria Deo tena. Nilikuwa nafikiri kwamba mwanamke aliyejijenga kwa kikombe kimoja kimoja, mimi nimemfanya kichekesho cha watu kwenye simu, na iliniuma sana.

Tulipofika Rumonge video ilikuwa imetutangulia. Ukoo umeketi uani, Deo amevaa shati lililopigwa pasi. Mjomba wa Salome akasema makosa ni mawili, mali imemwagika na mkwe amemgusa mama mkwe wake, kwa hiyo achinjwe mbuzi wa kuondoa aibu, na funguo apewe Deo. Sikubisha. Niliziweka funguo kwenye mkeka mwenyewe. Salome alikuwa analia.

Mama akaomba maji, akanywa taratibu, akafuta mdomo.

"Ni kweli," akasema. "Mukwe akigusa mama mukwe iko haya kubwa. Lakini munisikilize. Mimi nilizaa watoto wane. Siku ile, treni iko inakuja, mugongo uliofika ulikuwa wa nani?" Akaweka kikombe chini. "Basi. Mwenye kubeba mama ni mutoto wake. Huyu si mukwe tena. Mbuzi muchinje, tukule, sababu nimezaa."

Akaokota funguo, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Shika. Na demarere uitengeneze leo, mupumbavu we." Nililia mbele ya Deo na wote, wala sikujificha.

Ila niwaambie ukweli, ukwe ulikuwa na raha zake. Mkwe anawekewa firigisi ya kuku, anapewa kiti. Mtoto anatumwa. Siku hizi naosha mapipa, nakwenda kumchukulia dawa za magoti, nagombezwa sokoni mbele ya watu, na nilipomlalamikia Salome alinijibu, "Pole, kaka yangu," akacheka mpaka akakaa chini. Nimeapa: sizimi lori kwa ajili ya mtu yeyote mwenye kitambaa mkononi kabla sijatazama ninakanyaga nini, na nikiona vyuma viwili vimelala kwenye majani nashuka, navuka kwanza kwa miguu, natega masikio pande zote mbili, na wanaotaka kucheka wacheke.

Juzi tulikuwa tunatoka Nyanza-Lac na mzigo, Mama kakaa pembeni yangu, ananisema kuhusu gia, kuhusu breki, kuhusu nywele zangu. Katikati ya maneno akasinzia, kichwa kikaniangukia begani. Sikubadilisha hata gia, nilikwenda mwendo wa kobe, malori yote yananipita na kunipigia honi, mpaka Rumonge, nisimwamshe.